Riwaya Zilizopanda Gari la Kahawa

Miaka ile riwaya ilifika kwetu Kalinzi ikiwa imeshachoka. Ilishuka na treni ya Reli ya Kati pale Kigoma mjini, ikapita mikononi mwa walimu na makarani, ndipo ikapanda milima kupitia Mwandiga ndani ya lori lililofuata kahawa, haina jalada, kurasa za mwanzo zimenyofoka, inanuka mafuta ya taa na mawese ya vidole vya waliotangulia. Hatukujali. Joram Kiango, mpelelezi wa riwayani, tulimhesabu ndugu, kwa kuwa aliyemtunga, Ben Mtobwa, alikuwa mzaliwa wa mkoa wetu.

Kitabu kilikuwa kimoja na wenye hamu nacho wengi, basi mwenye sauti alisogezwa karibu na koroboi akatusomea huku tukichambua maharage. Bibi hakukifahamu Kiswahili cha vitabuni. Kila ukurasa uligeuzwa Kiha, lugha yetu, papo hapo, na hapo ndipo jasho lilipotoka: jasusi amepanda lifti, na wewe utafute namna ya kumweleza lifti mtu ambaye hajawahi kuona ghorofa. Ukidhani umemaliza, bibi anauliza, "Huyu mwanamke amemwamini mgeni kwa nini? Hana kaka zake mjini?" Mwandishi hakusema. Ilibidi turudi nyuma, tubishane, tumwingie moyoni yule mwanamke mpaka tumwelewe.

Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha utafiti wa David Kidd na Emanuele Castano, kwamba kusoma hadithi za kifasihi humnoa mtu kutambua hisia za mwenzake. Wengine walioupima upya hawakupata majibu yaleyale. Wabishane tu, mimi naamini nilichokiona. Wale waliozoea kugeuza kurasa zile Kiha ndio walioitwa kusuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba, na ndio waliokwenda sokoni Manyovu wakaelewana na Warundi.

Sasa ni lami mpaka Manyovu. Simulizi ziko kwenye simu. Binti anayembembeleza mdogo wake anasikiliza sura nzima bila kungoja zamu ya kitabu, na hilo ni jema kabisa. Sitamani koroboi iliyotuumiza macho irudi. Lakini anasikiliza peke yake, spika ziko masikioni. Bibi yupo palepale, hana wa kumuuliza. Wajukuu wanakisikia Kiha, wanajibu kwa Kiswahili. Kiswahili chao ni kizuri kuliko chetu, tena wanakiongeza Kiingereza. Kiha ndicho kinachopungua.

Ndugu msomaji, kama una riwaya ya Mtobwa au ya Shaaban Robert sandukuni, uwe Ujiji, Mwanza au Dar es Salaam, usiwaachie wafunga karanga. Ipakie kwenye basi ije huku. Na mtoto wako akija likizo huku, mwambie amsomee bibi yake kwa sauti, aigeuze Kiha ukurasa kwa ukurasa, na akikwama asiruke.