Mvua, Nyasi na Paundi Thelathini

Basi bwana, naanza kwa kuungama. Julai 2024 nilikuwa London kwa mafunzo mafupi ya uandishi wa habari, posho ya kuhesabu, na kwenye simu kulikuwa na ujumbe wa Baba kutoka Mwimbi ambao sikuwa nimeujibu kwa siku tatu. Alikuwa anaulizia hela ya mbolea niliyomwahidi. Ijumaa ya tarehe 5 hatukuwa na darasa. Waingereza walikuwa wamepiga kura jana yake, na siku hiyo Keir Starmer alikuwa anaingia Downing Street. Mwandishi mwenye akili timamu angekwenda huko. Mimi nikapanda treni hadi Southfields kupanga foleni ya Wimbledon.

Wa kulaumiwa ni Angella Okutoyi. Julai 2022, ndio kwanza nimeanza kazi gazetini, habari yake ikatua mezani kwangu: binti wa Kenya wa miaka 18 ametwaa ubingwa wa Wimbledon kwa wasichana wawili wawili, akicheza na Mholanzi Rose Marie Nijkamp. Walipoteza seti ya kwanza kwa Kayla Cross na Victoria Mboko wa Kanada, wakarudisha ya pili, wakamalizia 11-9. Hakuna Mkenya aliyewahi kutwaa taji la Grand Slam la vijana kabla yake. Na huyu mtoto, yeye na pacha wake, walilelewa na bibi yao katika kituo cha watoto Nairobi alikokuwa anafanya kazi. Niliandika aya nne, zikatoka mbili. Tangu hapo nilitaka kuziona hizo nyasi kwa macho yangu.

Foleni yenyewe ni mji. Unapewa kadi yenye namba, unakaa uwanjani na watu waliolala kwenye mahema, na hakuna anayethubutu kuchomekea (mtu wa daladala za Mwenge anaweza kulia machozi). Tiketi ya kuzurura viwanja vidogo ilikuwa paundi 30, kama laki moja ya kwetu. Nikalipa haraka nisije nikafikiri.

Mvua ilikuwa imeshatangulia. Siyo mvua kama ya Ufipa, inayojitangaza kwa radi tangu upande wa Ziwa Tanganyika, ikanyesha ikamaliza. Hii ni manyunyu ya kuvizia. Viwanja vyote vya nje vilikuwa vimefunikwa maturubai, na pembeni vijana wamekaa tayari kama zimamoto. Kuna viwanja viwili tu vyenye paa, Centre Court tangu 2009 na Namba 1 tangu 2019, na tiketi yangu haikuhusu huko. Ilipokatika kidogo wakafunua. Nikaona gemu tatu za wanawake wawili ambao hata majina sikuwahi kuyaandika. Tone likadondoka, refa akashuka, vijana wakakimbia na turubai. Basi, kwishney.

Nikamuuliza mzee mmoja wa pale kwa nini wanaogopa hivyo, akanieleza kwa upole kama anamfundisha mjukuu. Nyasi ni za aina moja tu, hukatwa zibaki milimita 8, na zikilowa ni sabuni: mchezaji anavunjika kifundo, na mguu mmoja ukiteleza unachuna uwanja mzima uliotunzwa mwaka mzima.

Nikapanda kilimani kwenye skrini kubwa, nimejifunika mfuko wa plastiki. Ndani ya Centre Court, pakavu kabisa, Frances Tiafoe alikuwa anambana Carlos Alcaraz, bingwa mtetezi. Wazazi wa Tiafoe walitoka Sierra Leone, na baba yake alikuwa mtunza jengo la kituo cha tenisi huko Maryland. Mtoto alikuwa akilala humo humo. Tiafoe akaongoza seti mbili kwa moja. Nilikuwa napiga kelele peke yangu kwenye mvua. Ya nne ikaenda hadi gemu ya kuamua akaipoteza, na ya tano ikamtoka kirahisi.

Hapo ndipo Baba akapiga mwenyewe.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Mbona kelele, uko sokoni?"

Nikamwambia niko kwenye mpira wa tenisi, mvua imewakatiza. Akanyamaza. Kwake Julai ni kiangazi, mahindi yameanikwa uani, baridi inauma na hakuna hata wingu.

"Wanakimbia mvua?"

"Wanalinda nyasi, Baba. Zisiharibike."

Akacheka mpaka akakohoa. Mzee huyu amelima intumba maisha yake yote: mvua ikishalainisha ardhi unakata nyasi na udongo wake, unazipindua, unazifunika kuwa vilima vya duara, zioze humo. Unapanda maharage juu, na msimu unaofuata unasambaza ule udongo mweusi. Mvua ndiyo saa ya kuzichimba.

"Umelipa kiasi gani kuangalia nyasi?"

Ningeweza kudanganya. Nikamwambia.

Kimya kilikuwa kirefu mpaka nikadhani salio limekwisha.

"Hiyo ni mfuko wa mbolea, mwanangu."

"Najua, Baba. Ya kwako iko pale pale, nikirudi."

"Na hizo wanazokata, wanazipeleka wapi?"

Sikujua. Akaniambia niwaulize, kisha akaaga akaondoe mahindi uani, kuku walikuwa wameyaingilia.