Laktomita ya Longonot na ndoo ya bia ya Leicester

Leo naweka kando hifadhidata na lugha za programu, tuzungumze kuhusu vipimo. Mtaona hatukwenda mbali. Iwe kwenye kompyuta au kwenye ndoo, namba isiyo sahihi humfanya mtu aamue vibaya huku anajiamini kabisa.

Binamu yangu anaishi Leicester, Uingereza. Kule, tangu 1963, mtu hahitaji leseni kupika bia ya kunywa nyumbani kwake. (Hapa Kenya sheria ya vileo ya 2010 inataka leseni kwa anayetengeneza, kwa hiyo msinisome kisha mkawasha jiko!) Yeye hatumii nafaka nzima. Hununua dondoo ya kimea, yaani kimea cha shayiri ambacho kiwanda kimeshakiloweka, kikatoa sukari yake na kuikausha ikawa unga. Unachemsha unga huo na hops, unaongeza maji, unapoza, unatia hamira.

Juzi akaniandikia kwenye simu: "Wamenipunja hawa." Maelezo ya mapishi yalisema haidromita isome 1.049, yake ikasoma 1.038. Alikuwa tayari kuongeza unga zaidi ya nusu kilo, halafu kesho yake aende dukani kugombana.

Kwa nini aniulize mimi ambaye sipiki bia? Kwa sababu nimekulia Longonot, kwenye nyumba ya ng'ombe, na kila mwenye ng'ombe huku anaijua laktomita. Ni ndugu ya haidromita: kijiti cha glasi chenye uzito chini, kinachoelea. Kimiminika kikiwa kizito kijiti hupanda, kikiwa chepesi huzama. Maji ni 1.000. Maziwa halisi huwa kati ya 1.026 na 1.032 kwenye nyuzi 20 za Selsiasi. Ukitia maji, namba inashuka. Basi mnaweza kufikiria maneno yanayotokea pale maziwa yanapopokelewa asubuhi, mpimaji akisema "haya yana maji" na mwenye maziwa akiapa kwa mama yake. Wakati mwingine kweli yana maji. Wakati mwingine yametoka kwa ng'ombe sasa hivi, yana joto na povu, na kijiti kinamsingizia mtu mwaminifu.

(Kwa wale watakaouliza: hapana, urefu wa mlima hauhusiki. Longonot ina mita 2,776, lakini kijiti na kimiminika vinavutwa na dunia ileile kwa nguvu ileile. Kinachopimwa ni densiti.)

Sasa tuje kwenye hesabu. Sisi waandishi wa programu tukijaribu kitu, kwanza tunaandika jibu tunalotarajia, ndipo tunalinganisha na lililotoka. Anayepika kwa nafaka nzima hawezi kujua mapema sukari kiasi gani itatoka, kwa hiyo kipimo chake ni habari mpya. Anayetumia dondoo ameshajua, kwa sababu sukari yote imo ndani ya pakiti:

pointi = kilo x 375 / lita

Hiyo 375 ni ya unga. Dondoo nzito kama asali ina maji ndani, tumia 300 hivi. Binamu alitia kilo 3 kwenye lita 23. 3 x 375 ni 1,125. Gawanya kwa 23, unapata 49 kasoro kidogo. Yaani 1.049. Kama mizani ni sawa na ndoo ni sawa, haiwezi kuwa 1.038. Sukari haikuruka dirishani! Kwa hiyo kabla ya kumshuku mwenye duka, shuku kipimo.

Nikamuuliza maswali matatu.

1. Ulichota wapi? Alichota juu ya ndoo. Alikuwa amechemsha lita 10 tu, kisha akajaza maji baridi ya bomba. Maji ya kimea yaliyokolea ni mazito, hukaa chini, na maji matupu huelea juu. Ukichota juu unasoma kidogo, ukifungulia bomba la chini ya ndoo unasoma kupita kiasi. Dawa ni kukoroga kwa nguvu dakika kadhaa, kwa mwiko uliosafishwa vizuri. Na hata usipokoroga, hamira ikianza kazi itachanganya yenyewe. Bia haina kasoro, kilichoharibika ni sampuli.

2. Ilikuwa na joto gani? Nyuzi 30. Haidromita yake imetengenezwa kwa nyuzi 20, na kwenye 30 husoma chini kwa karibu pointi 3. Kwenye 60 kosa hufika 15 hivi. Usihangaike na majedwali: acha sampuli ipoe.

3. Lita ni 23 kweli? Mistari ya ndoo nyingi ni ya kukisia. Lita moja ya ziada ingempunguzia pointi 2. Pima ndoo yako mara moja kwa chombo unachokiamini, piga alama yako.

Akakoroga, akapoza, akapima tena: 1.048. Unga haukuongezwa, mwenye duka hakutukanwa. Kama angeongeza gramu 600, bia ingeanzia karibu 1.059, na badala ya pombe ya asilimia 5 hivi angekuwa na karibu 6, huku akiwapa wageni wake akidhani ni ile nyepesi.

Haidromita yenyewe nayo ijaribiwe. Iweke kwenye maji ya betri ya gari (yale matupu, si asidi!) yakiwa nyuzi 20. Ikisoma 1.002, toa 2 kila siku. Soma chini ya mpindo wa uso wa kimiminika. Laktomita nyingi husomwa juu ya mpindo, kwani maziwa hayaonyeshi ndani.

Kipimo cha mwisho ndicho chenye hatari. Bia inayochachuka ina gesi, na mapovu yanayoshika kijiti hukiinua. Mimina sampuli glasi hadi glasi mpaka povu liishe, zungusha kijiti, ndipo usome. Refraktomita isikudanganye hapa: pombe hupinda mwanga, namba huwa juu mpaka uisahihishe kwa hesabu. Namba ikibaki ileile siku tatu, tia chupani. Ikiwa bado inashuka, ngoja. Kila pointi inayochachukia ndani ya chupa huongeza gesi kwa karibu nusu ya ujazo wa bia. Pointi 4 ni ujazo 2 juu ya ile gesi uliyokusudia, na hapo chupa inaweza kupasuka mkononi mwa mtu.

Kwa hiyo, kwa dondoo ya kimea, mizani na ndoo ndizo zinazokupa namba ya mwanzo, na haidromita huithibitisha. Namba ya mwisho ni ya haidromita peke yake. Na wapokea maziwa wa Longonot, kama mnasoma: acheni povu litulie kwanza, kabla hamjamwita mtu mwizi.

Haya, tuonane wiki ijayo. Tutarudi kwenye hifadhidata.