Njombe ya Juni kwa vitambaa vya sandukuni

Shule zikifungwa mwezi Juni, wazazi wengi wa Dar es Salaam huwapeleka watoto mikoani kuwaona babu na bibi. Kwa sisi ambao wakwe zetu wako Njombe, likizo hiyo huangukia wakati wa baridi. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti joto la usiku hushuka chini ya nyuzi 10. Mtoto aliyezoea kulala na feni hana nguo ya hali hiyo.

Safari hii hesabu ilikuwa ngumu. Nauli ya watu wanne, kwenda na kurudi, ilikula karibu akiba yote. Kama tungenunua masweta, suruali nzito na kofia za watoto wawili, mmoja wetu angebaki Dar. Bibi yao umri umekwenda, na mjukuu wake mdogo, mwenye miaka minne, alikuwa akimjua kwenye simu tu. Kubaki mtu haikuwezekana. Nikafungua sanduku la vitambaa.

Kila anayeshona nyumbani analo sanduku hilo: vipande vya Kariakoo vilivyonunuliwa kwa sababu bei ilikuwa nzuri, vikasubiri siku yake. Langu lilikuwa na mita mbili za kitambaa cha fulana cha bluu ya giza, mita mbili na nusu za kijivu kizito chenye manyoya laini ndani, mita moja ya mistari ya kijivu na haradali, na kipande cha ribu ya haradali, ile inayovutika kama mdomo wa soksi. Vyote upana wake ni sentimita 150.

Nilipanga rangi kabla ya kukata, ili kila nguo ya juu ikubaliane na kila suruali. Kila mtoto alipata fulana mbili za mikono mirefu, moja ya bluu na moja ya mistari. Suruali mbili, ya bluu na ya kijivu. Na sweta moja la kijivu. Fulana mbili kwa suruali mbili ni mavazi manne. Ukiongeza sweta, kuvaa au kutovaa, yanakuwa manane. Begi la watoto wote wawili likawa moja.

Mzazi unayetaka kujaribu, kitambaa cha kuvutika kina tabia zake. Kifue na kukianika kabla ya kukata, maana cha pamba hupungua, hasa urefu. Kitandaze mezani bila kukivuta, na upande unaovutika zaidi uzunguke mwili wa mtoto. Tumia sindano yenye ncha ya mviringo, kwa sababu ncha kali hutoboa nyuzi au huruka mishono. Kama cherehani yako ina zigizaga, weka nyembamba. Kama inashona mstari ulionyooka tu, vuta kitambaa kidogo sana wakati wa kushona, uzi usije ukakatika mtoto anapopitisha kichwa. Mimi nilishona nyumbani, kisha nikampelekea fundi wa jirani mwenye ovaloki amalizie kingo.

Shingo ndiyo huwashinda wengi. Mkanda wa ribu uwe mfupi kuliko tundu la shingo: kwa kila sentimita 10 za tundu, kata ribu ya sentimita 8 na nusu. Unapoushona, vuta mkanda wenyewe, usivute fulana, nayo shingo italala vizuri. Miguu ya suruali na mikono ya sweta niliiacha ndefu kwa sentimita tano na kuikunja kwa ndani, ili mwakani niifungue. Mabaki ya mistari yakatoa kofia mbili.

Tuliondoka stendi ya Mbezi alfajiri. Barabara ya kwenda Njombe, takriban kilomita 700, humfundisha mtu kuvaa. Morogoro na hifadhi ya Mikumi watoto walikuwa na fulana tu, vioo wazi, wakihesabu twiga. Ruaha Mbuyuni, penye vitunguu vya kila rangi kando ya barabara, bado ni joto. Kisha basi likaanza kupanda kona za Kitonga, na upepo uliokuwa ukiingia dirishani ukabadilika. Iringa tulivaa masweta. Baada ya Mafinga, tukipita misitu ya kupandwa ya Sao Hill, mdogo aliomba kofia mwenyewe. Makambako tukaacha barabara kuu ya Mbeya na kushika ya Songea. Tulipoteremka Njombe ilikuwa usiku na pumzi zetu zilionekana kama moshi. Watoto walicheka sana wakipuliza.

Njombe asubuhi ni ukungu. Saa nne jua hutoka kali na anga huwa bluu tupu, kisha alasiri baridi inarudi. Hapo ndipo nilipoona faida ya nguo nyepesi zinazovaliwa moja juu ya nyingine. Koti moja zito humfanya mtoto atokwe jasho saa sita mchana, na jasho hilo likipoa jioni anasikia baridi. Wangu walivua sweta wakicheza na binamu zao kwenye mashamba ya viazi, wakalivaa tena jua liliposhuka. Sokoni tulinunua maparachichi na matofaa, wazee wakitusalimu “Kamwene”, nao watoto wakijibu “Kamwene” kwa sauti kubwa. Siku moja tulikwenda kutazama maporomoko ya Luhuji, karibu na mjini. Kofia za mistari ziliwasaidia hata wageni kujua watoto wale ni wa nyumba moja.

Mama mkwe hakusema mengi siku ya kwanza. Alimkalisha mdogo karibu na moto, akaligeuza sweta upande wa ndani na kupitisha kidole kwenye mshono wa bega. Akauliza kitambaa nilinunua lini. Nikamwambia ni cha miaka mitatu sandukuni.

“Kilikuwa kinamngoja huyu,” akasema.

Siku ya kuondoka masweta tuliyaacha kwa binamu wawili wadogo, maana Dar hayana kazi, na mwakani wangu watakuwa wamekua. Fulana za mistari ndizo wanazovaa Jumamosi hadi leo.

Tukiwa tunafunga begi, mama mkwe aliingia chumbani na kamba ya katani. Aliizungusha kifuani mwake, akafunga fundo. Akaipima kutoka begani hadi kwenye kifundo cha mkono, akafunga fundo la pili. Kisha akaikata na kunikabidhi.

“Kijivu kile kile, mwanangu,” akasema. “Mifuko uweke miwili.”