Kompyuta ya Akina Mama na Safari ya Mlima Kenya

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Tangu shule ilipofunguliwa mwezi wa Januari, wenzangu wengi wameniuliza habari za safari yangu ya Kenya, na wengine wamecheka waliposikia kwamba nilikwenda kupanda mlima nikarudi na kompyuta. Mhariri wa gazeti letu ameniomba niziandike habari hizo mara moja, nisije nikachoka kuzisimulia kila jioni bwenini. Nami naandika kwa furaha, maana mambo hayo mawili, mlima na kompyuta, kwangu yalikuwa jambo moja tu, nalo ni uzito wa mzigo.

Yafaa kwanza nieleze sababu. Nyumbani kwetu ni Marangu, katika miteremko ya Kilimanjaro. Mama yangu ni mwandishi wa kikundi cha kuweka na kukopa chenye akina mama 25. Hukutana kila Alhamisi, leo kwa huyu, juma lijalo kwa yule. Nyumba zetu zimetawanyika ndani ya migomba, na makorongo hukata njia kila mahali. Kwa hiyo mwandishi hana budi kubeba vitabu vyote na kwenda kwa miguu, akipanda na kushuka. Wakati wa masika ya mwaka 2024 daftari kubwa lililowa mvua njiani, na kurasa zenye hisa za akina mama watatu zikawa hazisomeki. Hapo ukazuka ugomvi ambao sitausahau. Mmoja alidai kuwa hisa zake zilikuwa nyingi kuliko alizoandikiwa upya, wengine wakanong'onezana, na mama yangu, ambaye hajapata kugusa senti ya mtu, akakaa siku mbili bila kula vema. Baada ya hayo kikundi kikakubaliana kwamba kila mmoja atoe shilingi 20,000, inunuliwe kompyuta. Jumla ikawa shilingi 500,000.

Kaka yangu mkubwa ni kiongozi wa wapandaji wa Mlima Kilimanjaro. Mwezi wa Desemba 2024 yeye na wenzake watatu, mmoja wao akiwa mwanamke, walikata shauri kwenda kuuona mlima wa jirani zetu kwa macho yao wenyewe, nami nikaruhusiwa kufuatana nao. Akina mama wakaona heri fedha zikabidhiwe kaka, kwa kuwa Nairobi kuna maduka mengi yanayouza kompyuta zilizokwisha kutumika Ulaya na Marekani. Mimi nikapewa kazi ya kuchagua, kwa sababu nasoma somo la kompyuta hapa shuleni. Siku ya kuondoka mama alinishika mkono akaniambia neno moja tu: "Mwanangu, kumbuka hizo ni fedha za watu."

Tulipanda basi tukapitia Arusha na Namanga, tukaingia Nairobi jioni. Asubuhi yake tulibadili fedha zetu, tukapata shilingi za Kenya 25,600. Mimi nilitaka tununue siku ile ile, maana maduka yalikuwa karibu. Kaka alikataa. "Fedha ni nyepesi kuliko kompyuta," alisema, "na zikianguka hazivunjiki." Basi zikashonewa ndani ya koti lake, tukaendelea na safari mpaka Nanyuki, mji ulio juu ya mstari wa Ikweta. Huko tulimpata kiongozi mwenyeji, tukafuatana naye hadi lango la Sirimon, penye kimo cha meta 2,650.

Langoni ndipo nilipopata somo langu la kwanza. Kule kwetu Kilimanjaro sheria haimruhusu mpagazi kubeba zaidi ya kilo 20, na mizigo hupimwa. Kwa hiyo kaka hasafiri bila mizani yake ndogo ya kuning'iniza. Aliutundika mfuko wangu, ukawa kilo 11. Akaniamuru nimwage kila kitu juu ya nyasi, na kwa kila kitu akaniuliza maswali mawili: "Utakitumia lini? Na nani atakibeba?" Vitabu viwili, viatu vya akiba na kopo la maziwa havikuwa na jibu, vikabaki katika gari la kiongozi wetu. Mfuko ukawa kilo nane.

Siku ile tulilala Old Moses, meta 3,300, na siku ya pili tukapita katika uwanda wa majani na mimea ya ajabu iitwayo lobelia na senesio, tukafika kambi ya Shipton, iliyo chini ya vilele vikuu. Kilele cha juu kabisa, Batian, chenye meta 5,199, hupandwa kwa kamba na watu waliofundishwa kazi hiyo. Sisi tulikuwa tunakwenda Lenana, meta 4,985, ambako mtu hufika kwa miguu yake. Tuliondoka saa tisa za usiku. Baridi ilikuwa kali mno, na hewa kidogo. Kila hatua ilikuwa kama hatua tatu za nyumbani. Nilikuwa na chupa moja tu ya maji, ya lita moja na nusu, na kila nilipopumzika niliihisi mgongoni kama jiwe. Nilifika juu jua likichomoza. Nilitazama kusini nikitumaini kuiona Kilimanjaro, lakini upande ule ulikuwa umefunikwa na ukungu.

Pale juu simu ya kiongozi wetu ilizimika ghafula, ingawa ilikuwa na umeme wa kutosha. Aliitia kifuani chini ya nguo, na tulipokuwa tukishuka ikawaka tena. Alinieleza kwamba betri za namna ile hushindwa kutoa nguvu zake katika baridi kali. Maneno yake yalinifanya nianze kufikiri habari za betri hata kabla sijaona duka.

Tuliporudi Nairobi tulizunguka katika maduka ya barabara ya Moi, tukaishia na kompyuta mbili katika duka moja. Ya kwanza ilikuwa kubwa, kioo chake inchi 15.6, na bei yake shilingi 19,000. Ya pili ilikuwa ndogo, kioo inchi 12.5, na mwenye duka aliitaka shilingi 28,000. Zote zilikuwa zima. Niliziagiza zitoe taarifa ya betri, ambayo huonyesha betri ilibeba umeme kiasi gani ilipokuwa mpya na inabeba kiasi gani leo. Zote mbili zilikuwa zimebakiwa na zaidi ya robo tatu. Nilibonyeza vibonye vyote kimoja kimoja, maana nyingine huja na herufi zilizopangwa kwa lugha za kigeni.

Mwenye duka aliisifu ile ndogo, akasema haizidi kilo moja. Hapo kaka akatoa mizani yake mfukoni. Watu waliokuwamo dukani walicheka, na mmoja akasema, "Wabongo wamekuja kununua nyama!" Lakini mizani haina aibu. Ile ndogo ilikuwa kilo 1.3, na pamoja na waya wake wa kuchajia ikawa 1.7. Ile kubwa na waya wake ilikuwa kilo 3.2. Nawaomba wasomaji wauangalie sana waya huo, kwa sababu wauzaji hawautaji, na hakuna anayeweza kuuacha nyumbani.

Sasa kaka akawa upande wa ile kubwa. Hoja yake ilikuwa ya haki. Alisema fedha si zetu, na tukirudisha chenji ya zaidi ya shilingi 100,000 za kwetu, akina mama watatuamini daima. Tena kioo kikubwa kitawafaa wazee. Mimi nilimjibu kwa maswali yake mwenyewe. Itatumika lini? Kila Alhamisi, masika na kiangazi. Nani ataibeba? Mama, mwenye umri wa miaka 52, makorongoni, pamoja na sanduku la fedha. Tofauti ya kompyuta hizo mbili ilikuwa kilo moja na nusu, yaani chupa ile ile ya maji niliyoihisi Lenana. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi; sisi tuliosimama dukani tungeweza kusema kilo tatu si kitu, kwa kuwa mgongo haukuwa wetu.

Kulikuwa na sababu ya pili. Ile kubwa iliweka kumbukumbu zake katika sahani inayozunguka, na kisomeo chake huelea juu ya sahani kwa hewa nyembamba kabisa. Mtu akiteleza katika tope nayo ikiwaka, sahani yaweza kuharibika na hesabu zote kupotea. Ile ndogo haikuwa na kitu chochote kinachozunguka ndani ya hifadhi yake. Kaka alinyamaza kitambo. Kisha akampigia mama simu, naye akasema, "Chagueni ninyi mnaoziona."

Kaka akaanza kupatana, na baada ya nusu saa bei ilifika shilingi 24,500. Tulidai risiti yenye mhuri na namba ya kompyuta yenyewe. Kwa shilingi 1,100 zilizobaki tulinunua mfuko usiopenya maji, kwa idhini ya mama. Namanga, katika kituo ambamo maofisa wa nchi zote mbili hukaa pamoja, tuliionyesha kompyuta na risiti kwa ofisa wa forodha bila kungoja kuulizwa. Aliilinganisha namba, akatupa ruhusa.

Sitaki mtu adhani kwamba akina mama wote walifurahi. Mzee mmoja kati yao aliitazama akasema, "Mguu wa mwandishi mmeufikiria, je, macho yetu?" Hakukosea. Wepesi haupatikani bure; lazima kitu kipunguzwe, na hapa kilichopunguzwa ni kioo. Nilikuza herufi, lakini wanaokaa nyuma bado hawaoni. Basi kikundi kimeamua kwamba kila hesabu isomwe kwa sauti, iandikwe pia kwa kalamu daftarini, na nakala nyingine ikae kwa mwenyekiti. Labda hiyo ndiyo kinga bora kuliko chombo chochote.

Kwa Kiswahili tumefundishwa kuiita kompyuta mpakato, kwa sababu mtu huipakata kama mama anavyompakata mtoto. Nadhani jina hilo lina shauri ndani yake. Mwenzangu, siku utakapokwenda kununua, nyumbani au ugenini, usiulize bei tu. Uliza itakaa juu ya magoti ya nani, na itapita njia gani kila siku.

Mwezi wa Desemba mwaka huu kikundi kitafunga hesabu na kugawana akiba. Siku hiyo kila mama atataka kuona shilingi zake zimetimia, na hao watatu zaidi ya wote. Mimi nitakuwa nimekwisha kufanya mtihani wangu wa Novemba, nami nitakuwa nyumbani kuungoja mtihani wa kompyuta ile.