Friji kwa betri ya gari: video haikuonyeshi saa kumi usiku

Wasee, hiyo video mmeiona. Jamaa anatoa betri ya gari, anaifunga na inverta, anachomeka friji, taa ya ndani inawaka, muziki juu, "bye bye stima!" Sekunde 40 na imeisha. Mimi pia natengeneza video, kwa hivyo najua mchezo: unakata kabla mambo hayajaharibika. Kenye sijawahi kuona ni mtu akituonyesha hiyo friji saa kumi usiku.

Naongelea hii maneno kwa sababu kwetu Kangari, huku Murang'a juu karibu na msitu wa Aberdare, friji si ya soda. Mathe anauza yogati. Inatengenezwa jioni, inalala kwa friji, asubuhi inashuka sokoni. Na kwa mlango wa hiyo hiyo friji, pale pa mayai, kuna kimkebe cha cucu wa jirani. Ni insulini yake. Yeye hana friji. Sasa, huku kwetu mvua ikipiga na mti ulalie waya, unaweza kukaa giza usiku mzima. Na hata mijini musicheke: Ijumaa ya Agosti 25, 2023, karibu Kenya nzima ilizima, hadi JKIA.

Basi kuna siku stima ilipotea, na anko akasema tuchukue betri ya Probox yake. Ameona hiyo video. Nikamwambia, "Anko, ngoja kidogo tupige hesabu kwanza." Hesabu ni hii, na unaweza kuifanya na simu yako.

Betri ya Probox ni ya volti 12, tuseme ampea-saa 45. Zidisha: wati-saa 540. Lakini hiyo betri iliundwa kufanya kazi moja, kupiga stata. Ndani ina sahani nyembamba za risasi, za kutoa moto mwingi, zaidi ya ampea 100, kwa sekunde chache, halafu injini inaijaza tena. Ukiinyonya polepole hadi ikauke, hizo sahani zinaharibika. Ukifanya hivyo mara kadhaa, betri imeenda. Kwa hivyo chukua nusu tu: 270. Inverta nayo inakula ushuru wake, kama asilimia 10 hadi 15. Umebaki na kama 235.

Sasa friji. Angalia ile stika ya nyota iko mbele. Ikisema kilowati-saa 365 kwa mwaka, hiyo ni moja kwa siku, yaani kama wati 42 kila saa ukipiga wastani. Gawanya 235 kwa 42. Saa tano na nusu. Na hiyo ni betri mpya. Ya anko si mpya.

Stima ikipotea saa moja jioni, hiyo betri inakufikisha saa sita na nusu usiku. Anko anatoka saa kumi na moja asubuhi na abiria wa sokoni. Na usiku mtu akizidiwa hapa kijijini, ni hiyo hiyo Probox inaitwa. Kwa hivyo swali halikuwa kama friji itawaka. Itawaka. Swali ni nani atasukuma gari mama mjamzito akiwa ndani.

Kuna mengine video inaruka. Kompresa ikianza huvuta mara 3 hadi 6 ya nguvu yake ya kawaida. Friji ya wati 100 inaweza kutaka wati 500 kwa nukta moja. Kainverta ka wati 300 kataliа pii na kuzima. Wati 500 kwa volti 12 ni zaidi ya ampea 40, na ukitumia ule waya mwembamba wa redio, utachemka hadi uyeyuke. Lazima waya mnene, mfupi, na fyuzi karibu na betri. Na betri ikichajiwa hutoa hewa ya haidrojeni, ambayo hushika moto. Usiichajie kwa chumba unalala. Kuacha injini ikinguruma usiku mzima ndiyo kabisa usijaribu, hasa mahali pamefungwa, kwa sababu ule moshi unaua ukiwa usingizini.

Haya, tulifanya nini? Nilianza kuuliza swali lingine. Tunataka stima ama tunataka baridi? Kwa sababu friji haihitaji stima yenyewe, inahitaji baridi. Na baridi unaweza kuiweka akiba.

Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inameza joto la kama wati-saa 93. Chupa tatu za lita mbili, ni kilo 6, ni kama 560. Ili friji ifanye kazi hiyo kwa stima, ingekula karibu zile zile wati-saa tulikuwa tunataka kunyonya kutoka kwa Probox. Chupa tatu za maji! Za plastiki, usizijaze hadi juu kwa sababu maji yakiganda hupanuka. Zinakaa kwa friza kila siku. Stima ikienda, mathe anazishusha kwa rafu ya juu, anafunga mlango, na hakuna mtu anafungua hadi asubuhi. Hata mimi. Usiku wa Kangari una baridi yake, hiyo nayo ni msaada wa bure.

Na hii si akili yangu. Kuna friji za chanjo za solar ambazo WHO imezipitisha, hazina betri kabisa. Jua linagandisha barafu mchana, barafu inalinda chanjo usiku. Zile za kwanza zilikuwa na betri, na betri ndizo zilikuwa zinakufa mapema.

Insulini ya cucu ilitaka uangalifu. Ambayo haijafunguliwa hukaa digrii 2 hadi 8, na ikiganda imeharibika. Kwa hivyo haigusi chupa ya barafu, inabaki mlangoni ndani ya mkebe wake. Iliyofunguliwa si lazima kupanic. Mwaka 2021 MSF na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti uliofuata joto halisi la kambi ya Dagahaley, kule Dadaab, digrii 25 hadi 37, na insulini ilikaa wiki 4 bila kupoteza nguvu. Lakini usichukue dozi kutoka kwa post yangu. Tulimpeleka cucu kliniki, akauliza mwenyewe kuhusu aina yake.

Sisemi betri ni mbaya. Mathe sasa anaweka pesa ya chama polepole anunue ile ya solar, ya kunyonywa kwa muda mrefu, na inverta safi yenye nguvu ya kutosha. Hiyo itakuwa betri ya friji, kazi yake ni friji. Ya gari ibaki ya gari.

Kenye kinaniuma ni hivi: sisi vijana ndio tunaonyesha watu wetu hizi video. Anko hakuitafuta, ilimfikia kwa simu, na aliiamini kwa sababu iliwaka. Kabla ya kumtumia mzazi wako kitu kama hicho, zidisha, gawanya, halafu uulize: na saa kumi usiku?