Lindo la Kijiji: Nani Mlinzi wa Ndugu Yake?



Juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya jambo linalozungumzwa sana katika vitongoji vyetu, yaani ulinzi wa usiku. Tangu mavuno yaliyopita watu wamepoteza mbuzi, betri za sola na hata mahindi yaliyokwisha kuwekwa ghalani. Serikali ya kijiji imeitisha mkutano mkuu ili lindo, ambalo hadi sasa liko katika kitongoji kimoja tu, lienezwe katika vitongoji vyote vinne. Wengi wametuuliza kama inampasa Mkristo kushiriki. Tunajibu kwamba inampasa, ila ajue vema anashiriki nini.

Sisi wa Usukumani hatuanzi jambo geni. Baada ya vita vya Uganda vya mwaka 1978 na 1979, bunduki zilizagaa na wizi wa ng'ombe ukazidi mno. Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika mikoa ya Shinyanga na Tabora, wanavijiji walipojiunga wakashika pinde na mishale, wakachagua viongozi wao, wakaitwa sungusungu, kwa jina la wale siafu weusi wanaouma kwa pamoja. Mwano ulipopigwa, kila mwenye nguvu alitoka nyumbani kwake, na aliyekataa kutoka alitengwa. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo, na sungusungu wakatambuliwa kisheria na kupewa uwezo wa kukamata. Hata mbali na kwetu watu waliwaza hivyo: mwaka 1982 kijiji cha Mollington, katika eneo la Cheshire nchini Uingereza, kilianzisha mpango wa majirani kulindana, ulio wa kwanza nchini humo. Jirani zetu wa Kenya nao walianzisha Nyumba Kumi mwaka 2013.

Hata hivyo, historia hiyo ina ukurasa mwingine, nasi hatuna ruhusa ya kuuruka. Mikono iliyowakamata wezi ilifika pia kwa wasio wezi. Watu walipigwa kwa kushukiwa tu. Vikongwe walifukuzwa makwao, na wengine waliuawa, kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, nasi sote tunajua kwamba moshi wa jikoni wa miaka hamsini huyafanya macho kuwa hivyo. Kwa hiyo swali lile alilolitoa Kaini kwa kumkwepa Mungu linaturudia kwa namna mbili. Kumlinda ndugu ni kuilinda mali yake usiku. Na ni kuulinda uhai wake pia, siku ile ambayo ndugu huyo ndiye aliyeiba.

Hayo si maneno ya mimbarani tu. Miezi michache iliyopita, katika kitongoji kile chenye lindo, kijana mmoja alikamatwa alfajiri akiwa na mbuzi wa mjane. Muda haukupita watu wakajaa. Mmoja alikuwa amekwisha kuleta tairi na mwingine mafuta ya taa. Tulipofika tuliwakuta walinzi sita wamemzunguka kijana yule, lakini nyuso zao hazikumwelekea yeye, ziliuelekea umati. Kiongozi wa zamu alikuwa na daftari mkononi. Akatangaza kwamba jina la mtuhumiwa limekwisha kuandikwa, pamoja na saa aliyokamatwa na majina ya waliomkamata, na kwamba mtendaji wa kijiji amekwisha kupigiwa simu. Kelele zilipungua. Aliyeandikwa daftarini hawezi kupotea bila mtu kuulizwa. Jua lilipochomoza alikuwa mikononi mwa polisi, na mbuzi alikuwa amerudi kwa mwenyewe.

Baada ya siku chache kijana alirudi kijijini kwa dhamana, na manung'uniko yakaanza: mwaona sasa faida ya kumpeleka polisi? Hatuyabezi manung'uniko hayo. Aliyekesha kwenye umande ana haki ya kuumia amwonapo aliyemkamata akipita barabarani. Lakini dhamana si hukumu, wala si msamaha. Kesi bado ipo. Katiba yetu inasema mtu asitendewe kama mkosaji kabla haijathibitika, na sheria inamtaka raia aliyemkamata mtu amfikishe polisi bila kukawia. Tena mama wa kijana yule ni mwanajumuiya wetu. Dominika iliyofuata alikaa benchi moja na mjane mwenye mbuzi. Tunawauliza, ndugu zetu: kama tairi lile lingewashwa, wawili hawa wangekaa wapi?

Basi lindo likue, lakini likue kwa utaratibu. Kwanza, lianzie kwa watu wanaofahamiana. Taifa letu lilianza na mabalozi wa nyumba kumi katika miaka ya 1960, na maaskofu wa AMECEA mwaka 1976 walizipa kipaumbele jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, kwa maana watu wachache wanaojuana kwa majina husaidiana kuliko kundi kubwa lisilojuana. Hata hivyo lindo si la Wakatoliki. Waislamu, Walutheri na wafuasi wa dini za jadi wote wana mifugo na watoto wa kulindwa.

Pili, zamu iwe ya wote. Tumeanza kuona wenye maduka wakitoa fedha ili wasikeshe, na usiku ukabaki kwa vijana wasio na kazi. Mchango ni mwema, nao ununue tochi, filimbi na makoti ya mvua. Lakini usiwe bei ya kununua usingizi. Mlinzi mwenye njaa, anayelinda mali ya wanaomdharau, ni rahisi kushawishika. Wajane, wagonjwa na wazee wasamehewe zamu na mchango pia.

Tatu, wanawake wawemo katika kamati. Wao ndio waendao kisimani mapema, nao hutambua sura ngeni kabla ya mwingine yeyote.

Nne, pawe na daftari kila kitongoji, lisomwe hadharani kila mwezi, pamoja na hesabu za michango. Wala pasiwe na kura za siri za kumtaja mwizi au mchawi bila ushahidi, maana kura ya namna hiyo huficha chuki za mashamba na za wivu.

Tunaziomba jumuiya zote zilizungumze jambo hili katika sala za juma hili, na kila jumuiya ituletee majina mawili, la mwanamume na la mwanamke, kabla ya mkutano mkuu. Tuwaombee wanaokesha wakati sisi tumelala. Tumwombee pia kijana yule, ambaye kesi yake bado inaendelea, na mama yake.

Tunawatakia juma jema lenye amani.

Wenu katika Kristo,
Paroko