Namba Sita wa Akiba

17 Januari 2024, Jumatano
AFCON: Morocco 3, Taifa Stars 0. Tumetazama kwenye banda la video hapa Lushoto mjini, makoti yamefungwa hadi shingoni, watu wamebanana mpaka mlangoni. Kufungwa na Morocco kunaeleweka; hawa walicheza nusu fainali ya Kombe la Dunia 2022. Kilichoniuma ni dakika ya 70. Bao lilikuwa moja tu na bado tulikuwa mchezoni, ndipo Novatus Miroshi akalambwa kadi ya pili ya njano. Dakika ya 77 la pili, dakika ya 80 la tatu. Banda zima lilimlaumu kijana. Mimi namhurumia. Miroshi anachezeshwa kiungo, kesho beki wa kati, keshokutwa beki wa kushoto, kwa sababu kila penye pengo la ukabaji jina linalotajwa ni lake. Mtu mmoja akiziba matundu matatu, siku akitolewa yanafunguka yote.

20 Januari, Jumamosi
Mazoezi asubuhi, ukungu ulichelewa kuondoka. Nimewauliza vijana nani anataka kucheza namba sita, kiungo mkabaji. Kimya. Nani namba kumi? Mikono ikajaa. Si kosa lao. Mtaani anayeimbwa ni mfungaji na mwenye chenga. Mkata umeme anatajwa siku akipewa kadi.

Na viwanja vyetu navyo vina neno. Huku milimani ardhi tambarare ni ya kabeji na karoti, mpira unapewa kipande kilichobaki, mara nyingi chenye mteremko. Timu inayoshambulia kuelekea chini inapiga mipira mirefu. Inayopanda nayo inapiga mirefu ili isichoke. Mpira unapita juu ya vichwa vya viungo dakika tisini. Hapo mtoto atajifunzia wapi kusimama mbele ya mabeki, kusoma pasi kabla haijapigwa, kuuchukua mpira bila rafu? Kazi hiyo inahitaji kufundishwa kwa makusudi, na sijaona wengi wanaoifundisha.

21 Januari, Jumapili
Zambia 1, Stars 1. Miroshi hayupo, ana adhabu. Hemed Suleiman ameshika timu baada ya kocha Adel Amrouche kusimamishwa. Simon Msuva ametupa bao dakika ya 11, na kabla ya mapumziko Zambia wakabaki kumi. Tuliongoza hadi dakika ya 88, Patson Daka akasawazisha kwa kichwa. Mechi ya namna hii inalindwa katikati ya uwanja. Unaingiza mkabaji mwenye miguu mipya dakika ya 65, wa pili dakika ya 80, unaupooza mpira mpaka filimbi. Nchi yenye wakabaji wanne walio tayari ingeondoka na pointi tatu, na sioni wa kunibishia.

25 Januari, Alhamisi
Jana usiku 0–0 na Kongo, tumetoka. Nimelala saa nane, shamba limenisubiri. Kiungo mkabaji Himid Mao bado yumo kikosini, yeye aliyekuwapo pia AFCON ya Misri 2019 tulipofungwa mechi zote tatu. Namheshimu sana. Lakini miaka mitano baadaye foleni nyuma yake ilipaswa kuwa ndefu.

Nimewaza klabu zetu kubwa na namba sita wao. Simba wamepita na James Kotei wa Ghana, Gerson Fraga wa Brazil, Taddeo Lwanga wa Uganda, Sadio Kanoute wa Mali. Yanga walikuwa na Papy Tshishimbi wa Kongo na Thabani Kamusoko wa Zimbabwe, sasa wana Khalid Aucho wa Uganda. Wachezaji wazuri wote, na klabu ina haki ya kununua ubingwa. Jonas Mkude ni mmoja wa wazawa wachache walioshika nafasi hiyo kwa miaka. Ila angalia nafasi inayonunuliwa kila dirisha la usajili: hii hii. Klabu ikipungukiwa inapanda ndege. Stars haiwezi kusajili. Stars inapokea kile kilicholelewa Tanga, Mwanza, Mbeya, na huku kwetu Usambara.

25 Mei 2025, Jumapili
Fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, marudiano, Amaan, Zanzibar. Simba walikuja na deni la 2–0 kutoka Berkane. Joshua Mutale akafunga mapema, banda likalipuka, hata sisi tusio Simba tulisimama. Dakika ya 50, Yusuf Kagoma kadi ya pili ya njano. Mkabaji mzawa, tena nje, tena mechi kubwa. Imeisha 1–1, kombe limekwenda Morocco.

Watu wanasema Kagoma hana utulivu. Utulivu unatoka wapi? Mkabaji anaujua mpaka wa rafu kwa kucheza mechi nyingi ngumu tangu akiwa na miaka kumi na minne. Tukimgundua ukubwani, tutamfundisha mpaka huo mbele ya mwamuzi wa fainali.

31 Mei, Jumamosi
Leo mazoezi yote yamekuwa ya namba sita. Nimefunga uwanja kwa kamba, nikaacha sehemu ya kati tu, mpira hauruhusiwi kupita kiuno. Kijana wa Ubiri, yule mkimya, amenyang'anya mipira mpaka wenzake wakakasirika. Baadaye akanifuata: “Shikamoo mwalimu. Nikicheza pale, nitaonekana?” Nimemwambia mimi namwona, na atacheza kila mechi akistahili. Amecheka, akaenda kuokota mpira ulioporomokea kwenye mahindi.

Nimemweka pamoja na kijana wa Kwemashai, mmoja akianza mwingine anaingia kipindi cha pili, wasizoeshwe kwamba nafasi ni ya mtu mmoja. Walimu wenzangu wa Soni, Bumbuli na Mtae nitawaomba hili tukikutana kupanga ligi: kila timu ya vijana ije na namba sita wawili waliofundishwa, na asiwepo beki aliyesogezwa mbele kwa dharura.

Jumamosi ijayo tunakwenda Mlalo. Wote wawili wamo kwenye orodha, na wa tatu anaanza mazoezi Jumanne.